Mtoto wa Mlangoni

Kitu cha kwanza alichokiona Alida ni wekundu kwenye nusu ya kitunguu. Masizi aliyatarajia, lakini si wekundu. Lilikuwa juma la kabla ya Pasaka, nyumba zote za mji wa Lier zimepinduliwa kwa usafi, naye alikuwa akiisugua kwa kitunguu picha ya sebuleni kwa Madam Hortense, bibi aliyemtumikia, kama bibi yake alivyomfundisha.

Picha ilikuwa ya kale: chumba chenye vigae vyeusi na vyeupe, mwanamke dirishani akimenya tufaha, na nyuma yake mlango wazi. Mlangoni alisimama mtoto wa gauni jekundu. Huyo hakuchorwa na mchoraji wa kale. Mume wa Madam, sasa marehemu, ndiye aliyemwongeza kwa mkono wake, binti yao Roosje alipochukuliwa na homa. Rangi ya kale iling'ang'ania turubai; rangi ya baba ilishika juujuu tu, ikaondoka na kitunguu. Mlango ukabaki mtupu.

Macho ya Madam yalikwisha kuingia ukungu. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kahawa, aliuliza.

"Roosje yupo?"

"Yupo, Madam."

"Mwambie akae basi, asije akaota mizizi."

Alida aliacha shule darasa la tano, na maneno kwake yalikuwa kama maji ya kisima kirefu. Uongo huo wa neno moja ulimponyoka, na kesho yake ukadai mwenzake. Madam alipouliza habari za nywele, Alida alimfunga mtoto utepe; alipouliza habari za baridi, alimvisha soksi. Ikapita miaka minne. Hakuna siku ambayo ukweli haukufika kooni. Hakuna siku ambayo haukurudi.

Baada ya mazishi ya Madam ndugu walikusanyika kula mikate ya nyama na kahawa. Godelieve, mpwa wa Madam, alisimama mbele ya picha.

"Shangazi kasema hii upewe wewe," alimwambia Alida, "kwa kuwa umemtunza Roosje. Roosje mwenyewe yuko wapi? Mimi naona mlango tu."

"Unamuuliza Alida?" mjomba mmoja alidakia. "Huyo hata paka anamshinda maneno."

Wakacheka, bila ubaya. Alida aliliweka birika mezani, taratibu, lisigonge sahani.

"Nilimfuta mimi," alisema.