Maoni ya Mteja

Siku yangu ya tatu kwenye mafunzo ya ustawi wa jamii, nikashikishwa fomu, nikaambiwa twende wodini. Mbele yangu mlezi wangu, tunamwita Mama Mafaili, viatu vinamlia kwi kwi sakafuni.

Kitandani, bibi aliyepigwa na kiharusi. Pembeni, mwanawe. Anataka tusaini bibi akiruhusiwa aende makao ya wazee moja kwa moja, maana nyumba ya bibi yeye ameshahamia, mpaka makochi kapanga.

Nikajaza jina, umri, ugonjwa. Nikafika mstari ulioandikwa: Maoni ya mteja.

"Mteja ndiyo nani?" akauliza yule mwanawe.

"Mama yako."

"Basi andika mteja hapatikani. Wiki mbili hajaongea."

Hata muuguzi aliyekuwa akipita alicheka. Mimi, yaani, damu ikachemka. Nikavuta kiti.

"Bibi, ukitoka hapa unataka kwenda wapi?"

Midomo ikatetemeka. Sauti ya kukwaruza tu, neno hakuna.

"Umeona? Binti, saini tumalize. Nina kazi."

"Na mimi hii ndiyo kazi yangu, anko."

"Kazi gani? Kukodolea watu macho?"

"Ndiyo. Na leo nakodoa mpaka jioni."

Nikamwangalia Mama Mafaili, nikijua nimeharibu. Akavua viatu, akakaa.

Tukasubiri. Simu ikatetemeka mfukoni, sikuigusa, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo. Bibi akavuta pumzi, akalisukuma neno kama mlango uliokwama.

"Kwa... ngu."

Nikaandika kwa herufi kubwa.

"Hajui anachosema," mwanawe akang'aka. "Nitakushtaki kwa mkubwa wako."

"Mkubwa wake ni mimi," Mama Mafaili akasema. "Nimesikia mashtaka. Endelea, mwanafunzi."

"Ataanguka bafuni! Nani atamwogesha, wewe?"

"Hilo ndilo swali linalofuata kwenye fomu," nikamjibu. "Kaa tulijibu."

Akabaki kasimama, anaangalia vidole vya mama yake juu ya shuka.

"Mimi siwezi kumwogesha mama yangu," akasema, safari hii polepole.

"Na hilo naliandika. Tutatafuta atakayemwogesha. Lakini ataogea kwake, anko. Makochi yako utajua pa kuyapeleka."