Maji ya Mayungiyungi

Katika mtaa wa Perihan, kule juu ya kilima cha Üsküdar, si lazima nyumba iwe na paka ndipo iwe na bakuli la paka. Kila kizingiti kina lake. Ukihamia leo, kesho asubuhi uwe umeshaweka la kwako, la sivyo majirani watakutazama kama mtu asiyeitikia salamu.

Bakuli la Perihan lilikuwa la bati, la buluu, na mteja wake mkuu alikuwa Mdalasini, dume mwenye rangi ya jina lake na sikio moja lililochanika. Hakuwa wa mtu. Lakini tangu Hikmet, mume wa Perihan, afariki miaka miwili nyuma, Mdalasini alilala juu ya kandambili za marehemu pale mlangoni, na Perihan hakuwa na moyo wa kuziondoa kandambili wala paka. Zilikuwako siku ambazo hakusema neno na kiumbe mwingine tangu macheo hadi machweo.

Kitu kingine alichoacha Hikmet ni mayungiyungi. Mizizi yake, minene kama vitunguu, aliitoa kijijini kwa mama yake akaipanda kando ya ukuta. Kila Juni yakachanua meupe pe, midomo wazi kama tarumbeta, yakimwaga chavua ya rangi ya chungwa iliyotia doa kila nguo iliyopita karibu. Perihan alikuwa akikata matatu, anayatia kwenye jagi mbele ya picha ya mumewe, na kila asubuhi anayabadilishia maji.

Hapo ndipo kisa kilipoanzia. Perihan alilelewa na mama ambaye kwake kumwaga maji ovyo kulikuwa dhambi. Maji ya mchele yalikwenda kwenye nyanya, ya kusuuzia vikombe yakaenda kwenye ngazi. Sasa maji ya maua, yanayonukia vile, yangekwenda wapi kama si kwa kiumbe mwenye kiu? Asubuhi hiyo jua lilikuwa kali mapema. Perihan akayamimina yote kwenye bakuli la buluu.

"Kunywa, mwanangu. Maji ya Hikmet hayo."

Mdalasini akanywa mpaka akaramba bati.

Adhuhuri ilimkuta chini ya benchi, udenda unamning'inia, ametapika mara mbili. Perihan akasema ni joto. Akamletea mtindi wa baridi. Paka akageuza uso ukutani.

"Wewe Perihan! Asubuhi ulimpa maji gani huyo paka?"

Sauti ilitoka ghorofa ya nne, ng'ambo ya kichochoro. Ilikuwa ya Nezihe, na Perihan alikuwa hajaisikia ikimwita kwa miaka miwili. Wiki ya msiba, Nezihe alikung'uta zulia lake dirishani bila kutazama chini, na vumbi likawamwagikia waombolezaji waliokuwa bustanini na sahani zao za halua. Perihan akatamka neno, Nezihe akarudisha mawili, na toka hapo kila mmoja akawa anamtazama mwenzake kama ukuta.

"Yanakuhusu nini?" Perihan alijibu.

"Nimekuona! Umemwaga maji ya yale maua! Dada yangu kule Bursa alimzika paka wake kwa sababu ya maua hayo hayo. Ni sumu, bibi wee! Jani, ua, vumbi lake, hata maji yake!"

 Perihan alitazama bakuli tupu, akatazama mkono wake wa kulia, ule uliomimina.

"Usikae hapo kama sanamu!" Nezihe alifoka. "Nakuteremshia kapu!"

Kapu la mkate likashuka kwa kamba, lile ambalo kila asubuhi mwenye duka hulitilia mkate na maziwa. Ndani mlikuwa na mto wa kitandani. Perihan alipomaliza kumlaza Mdalasini, Nezihe alikuwa ameshafika chini, kandambili mguuni, ushungi umekaa upande, anapiga chafya. Paka walimwasha pua tangu utotoni. Ndiyo sababu nyumba yake, peke yake mtaani, haikukanyagwa na paka hata siku moja.

"Rudi tu, dada, utaumwa," Perihan alisema.

"Shika upande wako wa kapu unyamaze. Chafya haijaua mtu."

Wakateremka kilima hivyo, kapu katikati, Nezihe akipiga chafya kila hatua kumi, na wenye maduka wakitoka milangoni kuuliza kulikoni.

Daktari wa wanyama, binti aliyeitwa Selma, alimpapasa Mdalasini na kumfungua kinywa. "Amekunywa lini, mama?"

"Asubuhi. Yapata saa nne zimepita." Perihan aliinua mkono wa kulia. "Mimi ndiye niliyempa, mwanangu. Kwa mkono wangu."

"Sumu hii inaua figo za paka. Wengi huletwa hapa siku ya tatu, nami sina la kufanya. Ninyi mmewahi. Tutamtundikia dripu, na tutangoja akojoe. Akikojoa vizuri, figo zinafanya kazi."

Zikafuata siku tatu. Perihan hakuweza kula. Mtaa mzima ulijua, na yeye alingojea kusikia lile neno: mwanamke aliyemwekea sumu paka wa mtaa. Badala yake alikuta mlangoni sufuria ya supu ya dengu, kesho yake sahani ya dolma, majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali, na mwenye duka akapita kwa sauti: "Bibi Perihan, yule bwana amekojoa?" Hata imamu aliuliza hivyo hivyo, akitoka msikitini, bila kucheka.

Kila alasiri Nezihe alimsindikiza zahanati, leso puani. Siku ya pili, katikati ya njia, Perihan alisimama.

"Ungeweza kufunga dirisha lako. Baada ya yale niliyokutamkia."

"Niliyakumbuka, usidhani." Nezihe alijifuta pua. "Halafu nikamwona paka anatapika. Sasa ningekaa nihesabu maneno?"

Asubuhi ya nne simu ililia. Perihan akasikiliza, akakaa chini kizingitini, kisha akasimama na kupaza sauti yake yote kuelekea ghorofa ya nne:

"Nezihe! Amekojoa!"

"Alhamdulillahi!" lilijibu dirisha, na madirisha mengine matatu ambayo hayakuulizwa.

Mdalasini alirudi amekonda, mguu mmoja umenyolewa pale palipoingia dripu, na za kwanza kusalimiwa zilikuwa kandambili. Lakini kabla hajaletwa, Perihan alikuwa ameshaingia bustanini na sepetu. Alisimama mbele ya mayungiyungi muda mrefu. Kuyatupa hakuweza. Akayang'oa moja moja pamoja na udongo wake, akayapanda kwenye madebe matupu ya jibini, akafagia chavua yote iliyodondoka. Kisha akaita.

"Shusha kapu!"

"Mkate nimeshanunua!"

"Shusha, nimesema!"

Madebe manne yakapanda moja baada ya jingine, maua meupe yakiyumbayumba hewani, Nezihe akivuta kamba na kulalamikia mgongo wake. Akayapanga kwenye roshani ambayo hakuna paka angeikanyaga. Kutoka kwenye benchi lake Perihan aliweza kuyaona yote.

Pale ukutani akapanda mawaridi. Daktari Selma alisema hayo hayana neno na paka.

Juma lililofuata alikuwa amekaa na chai, Mdalasini miguuni, mara vumbi na makombo vikamwangukia kichwani. Akainua uso. Zulia lilikuwa linaning'inia dirishani, na juu yake Nezihe ameziba mdomo kwa mkono.

Perihan alitoa chembe ya mkate kwenye kikombe chake.

"Kung'uta, shoga yangu," alisema. "Kung'uta tu. Ukimaliza, teremka, chai iko tele."