Vidole Vitatu Kwenye Unga

Nyumbani kwa Benigna, kule Matogoro, Songea, unga haukumiminwa. Ulipimwa, na aliyeuwekea kipimo alikuwa amekwisha kuzikwa.

Bibi Hilda, mama mkwe wake, alifariki mwezi wa nane, mahindi yakiwa bado yanapukuchuliwa uani. Aliacha shamba, nyumba, na sheria moja. Unga ukishapimwa kwa kopo, kabla ya kusonga ugali, unachota konzi moja na kuirudisha kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko. Kila mlo, konzi moja. Ndoo hiyo haiguswi mpaka Februari, mwezi ambao mahindi ya mwaka jana yamekwisha na ya mwaka huu ndiyo kwanza yanatoa ndevu.

"Akiba haiozi," bibi alikuwa akisema. Alikuwa ameiona njaa utotoni, njaa ya kuchimba mizizi porini, na hakuna mlo aliomaliza bila kuitaja. "Kuleni, lakini mjue njaa iko njiani." Haya, hebu wewe meza tonge hapo kwa raha!

Zamani Benigna alimwona mkwewe bahili. Ila Otto, mtoto wake wa kwanza, alipokwenda sekondari ya bweni, mahitaji yakawa hayana mwisho: leo godoro, kesho viatu, keshokutwa mchango wa sijui nini. Ndipo mkamwana akageuka mwanafunzi wa mkwe. Mafuta yakapimwa kwa kijiko, sukari ikawa ya wageni, na sabuni ikakatwa vipande hata uzi ukachoka. Mume wake, Remmy, alikuwa fundi mwashi kule Peramiho na alirudi Jumamosi tu. Alicholeta kilikwenda shuleni. "Tunajibana kwa ajili ya Otto," Benigna alimwambia Suzana, binti yake wa miaka kumi. Aliyasema hayo asubuhi, akayarudia jioni.

Suzana hakulalamika. Majirani wakamsifu, mtoto mwema, mtoto ana adabu. Jamani, mtoto asiyelalamika mtazameni mara mbili.

Basi bibi akazikwa, misa ikasomwa, watu wakatawanyika. Lakini nyumba haikuwa nyepesi. Benigna akiinamisha chupa ya mafuta, alihisi mtu anaguna nyuma yake. Akigeuka, hakuna mtu. Siku nyingine, mchana kweupe, yuko uani anaanua nguo, akasikia kikohozi kutoka jikoni: kho, kho, kile kikavu cha marehemu. Akaingia mbio. Jiko lilikuwa tupu na moshi ulikuwa umetulia.

"Nimesikia, mama," alinong'ona, na jioni ile akapunguza mafuta.

Ndoo ilijaa Desemba, ikafungwa; Januari Benigna aliifungua ili aone kama akiba iko salama. Ilikuwa imeshuka. Juu ya unga palikuwa na alama za mkono uliochota: gumba na vidole vitatu. Benigna akaangusha mfuniko. Kidole kidogo cha mkono wa kulia wa Bibi Hilda kilikatwa na mashine ya kupukuchulia mahindi akiwa bado msichana, na Songea nzima Benigna hakumjua mtu mwingine mwenye mkono wa namna ile.

Aliusawazisha unga, akafunga, akaweka jiwe juu ya mfuniko. Baada ya siku kadhaa jiwe lilikuwa palepale, ila alama zimerudi.

Alimweleza jirani yake Zena, mjane wa Tunduru aliyekuwa akikaanga korosho na kuziuza mjini, mwanamke ambaye hata msibani hukosi kumsikia akicheka.

"Shoga, mkweo ana njaa," Zena alisema. "Mlimtolea sadaka?"

"Tulisoma misa."

"Misa ni dua, na dua njema. Lakini mlipika? Watu walikula wakashiba?"

"Tulipika kiasi."

"Kiasi!" Zena alipiga makofi. "Ewe Benigna, hata wafu unawapimia kwa kopo?"

Siku nyingine angecheka. Siku ile hakuweza, maana Suzana alikuwa akikonda. Shingo ilikuwa imechongoka, sare ya shule inaning'inia mabegani, na macho yamekuwa makubwa kupita uso. Mtoto yule alikuwa kipenzi cha bibi yake. Walilala kitanda kimoja mpaka siku ya mwisho. Pale kisimani wanawake walikuwa wameanza kusema kwamba marehemu anamwita mjukuu wake. Walinyamaza Benigna alipofika, lakini alikuwa ameshasikia. Tangu hapo suala la unga kupungua halikuwa tena hofu yake. Hofu yake ilikuwa kumzika mtoto.

Remmy aliporudi Jumamosi alikuja na maji ya baraka ndani ya chupa. Alinyunyiza jikoni, akanyunyiza chumbani kwa Suzana, akasimama mbele ya ndoo kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Mama," alisema, "kama ni wewe, pumzika. Mtoto huyu tuachie." Akatoka nje akajifanya anatafuta kamba ya mbuzi, na mbuzi wenyewe hawana.

Jumatatu Suzana alianguka mstarini shuleni. Benigna alimbeba mgongoni hadi zahanati, na alishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Nesi alimpima, akamkagua kope, akambonyeza mikono.

"Hana malaria. Mtoto huyu anakula?"

"Nesi, kwangu sufuria linabandikwa mara mbili kila siku!" Benigna alikuja juu. "Wewe unafikiri natesa mtoto?"

"Sijauliza sufuria, mama. Nimeuliza mtoto."

Benigna alirudi nyumbani amefura. Sahani ya Suzana yeye mwenyewe huipakua, yeye mwenyewe huipokea ikiwa tupu. Kama mtoto anakula na bado anakwisha, basi kuna mwingine anayekula. Hilo ndilo aliloliamini, na mimi simcheki. Ungekuwa wewe ungeamini hivyohivyo.

Kesho yake alimwacha mtoto amelala, akaenda kupalilia mahindi. Hakufika mbali. Mvua ilishuka ghafla kutoka milimani, akatupa jembe begani na kurudi mbio. Alipokaribia jiko akasikia kho, kho.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, mtu aliyejitanda kitenge cha Bibi Hilda, kile cha rangi ya kahawia alichovaa siku za Jumapili, alikuwa ameinamia ndoo. Mkono ulikuwa umezama kwenye unga. "Akiba haiozi," mtu yule alikuwa akisema polepole. "Akiba haiozi."

Benigna alishika mwimo wa mlango.

"Mama?" alisema.

Mtu yule akageuka. Alikuwa Suzana. Mkononi alishika konzi ya unga, gumba na vidole vitatu vimekaza, kidole kidogo kimekunjwa ndani ya kiganja.

Kumbe bibi ndiye aliyemfundisha kuchota, tangu akiwa hajui hata kuhesabu, na mtoto aliiga alichokiona na alichokisikia, hata kikohozi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba bibi alichota vile kwa sababu alikosa kidole. Alidhani akiba huchotwa hivyo.

"Unaupeleka wapi?" Benigna aliuliza. Mtoto akatangulia kuelekea chumbani.

Chini ya kitanda kulikuwa na makopo, mifuko ya nailoni, na soksi kuukuu zilizofungwa mafundo. Kulikuwa na unga uliojaa wadudu. Kulikuwa na maharage yaliyoota nywele za ukungu. Na kulikuwa na matonge ya ugali, mengi, yamekauka, mengine ya kijani, mengine meusi. Kule kizingitini alikopenda kukaa na sahani yake, ndiko alikokuwa akigawa chakula, kidogo tumboni, kingine kwenye nailoni. Harufu ilimfanya Benigna azibe pua. Akiba yote ilikuwa imeoza.

"Mwanangu, kwa nini huli?"

"Njaa iko njiani."

"Hata ikija, ndoo ipo. Tutakula wote."

Suzana alitikisa kichwa, taratibu, kama anayemrekebisha mtu mzima bila kumvunjia heshima. "Bibi alisema njaa ilipofika kwao, mama yao alichagua. Chakula akapewa kaka yao. Mdogo wake bibi akaachwa mpaka akafa." Alifuta unga kwenye kitenge. "Hapa ni kaka Otto. Unasema kila siku, ni kwa ajili ya Otto. Sikasiriki, mama. Nilitaka tu na mimi niwe na changu."

Benigna alikaa chini, palepale sakafuni. Miezi yote alikuwa akimwogopa marehemu, hata marehemu akanyunyiziwa maji ya baraka na kusingiziwa njaa. Kikulacho ki nguoni mwako. Njaa ya bibi ilikwisha miaka mingi iliyopita. Yeye Benigna ndiye aliyeipakua kila mlo na kuiandikia jina la Suzana. Alitaka kumkumbatia Suzana akaogopa kumvunja.

Akainuka. Alikwenda jikoni, akachukua ile ndoo nyeupe, akamimina unga kwenye ungo bila kopo. Akamkamata jogoo, yule aliyekuwa anatunzwa auzwe kwa mahitaji ya Otto, akamchinja mwenyewe maana Remmy alikuwa Peramiho. Alimwaga mafuta kwenye sufuria mpaka yakaelea. Alikata vitunguu na nyanya zote zilizokuwamo ndani. Alipika akilia, moshi na machozi pamoja, na hakusikiliza kama kuna mtu anaguna.

Mvua ilikuwa imekatika alipotandika mkeka. Aliweka ugali mkubwa, unafuka, na bakuli la kuku lenye mapaja yote mawili, akalisogeza mbele ya Suzana.

"Haya, mwanangu. Chote hiki chako."

Mtoto alilitazama bakuli. Kisha akarudi nyuma, mgongo ukagusa ukuta.

"Mama," alisema, "nesi alisema nakufa?"

"Nani kakwambia?"

"Bibi ulimchinjia kuku Jumatatu, ukasema ale chote. Alhamisi tukamzika."

Nyumba hii haikuwahi kuchinja kwa ajili ya mtu mwenye afya. Benigna alitambaa kwenye mkeka mpaka ukutani, akamshika mtoto mikono yote miwili, iliyokuwa baridi.

"Hapana," alisema. "Hufi. Hakuna anayekufa. Leo ni Jumanne tu."

"Jumanne tu?"

"Jumanne tu. Na Jumatano tutakula tena."

Suzana alimwangalia mama yake usoni, akitafuta uongo. Halafu akasogea kwenye mkeka, akachukua paja, akaling'ata.