Kitambi Juu ya Bilauri

Kwetu mjini Schiedam, ile pombe kali tuiitayo jenever haimiminwi ikaishia ukingoni. Humiminwa mpaka ipite ukingo, isimame juu ya bilauri kama kitambi kidogo, nayo isimwagike. Mnywaji huweka mikono mgongoni, akainamia kaunta, akafyonza funda la kwanza. Ukiigusa bilauri tu, kitambi kimekwenda.

Bouwe, mhudumu wa baa yetu, alikuwa akivimimina vitambi hivyo tangu mimi nikiwa na nywele. Majira hayo ya baridi mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Liesbeth, mwenye baa, alivumilia, hatimaye akachoka kupangusa kaunta mbele ya wateja.

"Mzee Bouwe," alimwambia bila ukali, "mmiminie Krelis moja. Ikisimama, unabaki. Ikimwagika, kesho upumzike nyumbani."

Nyumbani kwa Bouwe hakukuwa na mtu. Mkewe tulimzika Pasaka.

Krelis ndiye mimi. "Mimina, babu," nikasema, "kiu imenishuka mpaka kwenye viatu."

"Nyamaza, koo kama mfereji wewe."

Akashika chupa kwa mikono miwili. Mdomo wa chupa ulicheza hewani, lakini jenever ilipokaribia ukingo, mikono ikatulia. Kitambi kikapanda polepole, kikang'aa, kikasimama.

"Unaona?" akanong'ona. "Chembe za jenever zilizo juu kabisa hazina jirani juu yao. Basi zinawang'ang'ania wa chini na wa pembeni."

"Kama wewe unavyoning'ang'ania mimi, kwa kukosa wa maana."

Akacheka. Hata Liesbeth akatabasamu. Bouwe akaweka chupa kando, akashusha pumzi, na kwa uchovu akauegemeza ule mkono wake juu ya kaunta.

Mtetemo ukapita kwenye ubao. Kitambi kikatikisika, kikapasuka upande mmoja, jenever ikatiririka shinani mwa bilauri.

Nikaweka mikono mgongoni, nikainama, nikafyonza kwa kelele bilauri iliyopungua.

"Imejaa pomoni," nikasema. "Liesbeth, umejionea mwenyewe."

Liesbeth alikuwa anatazama dirishani.

"Krelis," akasema Bouwe, "umeloa mpaka kidevuni. Acha uongo, mtu mzima."

Akachukua kitambaa, akapangusa kaunta mwenyewe, na kona zake zote. Akafungua aproni, akaikunja. Alipotoka nje mvuani, mkono wa kushoto ulikuwa umeushika wa kulia.

Bilauri ile sikuimaliza. Na mimi kabla ya siku ile sikuwahi kubakiza.