Watani wa Abubakary

Abubakary alikuwa ameushika mzizi wa mkoko, na mtumbwi wake haukwenda mbele wala haukurudi nyuma. Mimi, nesi wa zahanati, nilisimama gatini na dada yake, Mwanasiti, tukimtazama. Siku yake ya sindano ilikuwa imeshapita. Mara ya mwisho alipoikosa, sauti anazozisikia zilimpeleka katikati ya mikoko, na watu walimrudisha amefungwa kamba.

Maji yalikuwa yanakupwa. Muda si mrefu kijito kingebaki tope, naye ingembidi arudi kisiwani kwake bila dawa.

"Niwaite vijana wamvute?" nilinong'ona.

"Ukimvuta leo, mwezi ujao utamfuata wapi?" alisema Mwanasiti. "Mwache. Anataniana."

"Na nani?"

"Na hao hao wake. Sikiliza."

Abubakary alikuwa amegeukia bega lake la kushoto. "Sumu? Haya, ni sumu. Mwaka wa pili huu nachomwa sumu, na nyie bado mnanifuata mpaka kwenye wali wangu. Watani gani hamna haya." Akacheka. Mkono wake uliuachia mzizi, ukaukamata tena.

Mwanasiti alinieleza kwa sauti ya chini. Siku ya maziko ya baba yao, mtani wao wa kabila, Mmatumbi mmoja, alijilaza kaburini akidai marehemu anajifanya tu, asizikwe. Hakuna aliyemkasirikia, wala aliyemtii. Walimpa chake, hela kidogo ya utani, akatoka, wakazika.

"Tuliporudi nyumbani Abubakary akaniambia, dada, na hawa wangu nitawafanya vile vile."

Chuoni nilisoma mengi kuhusu ugonjwa huu. Lakini sikuwahi kumwona mtu akiukabili peke yake umati ambao sisi wengine hatuuoni, akiutania na huku anauogopa. Nilijikuta nimeweka mkono kifuani.

Mzizi ukaachwa. Kafi likazama majini, likazama tena, na mtumbwi ukagusa gati.

Ndani ya zahanati, alijilaza kifudifudi kitandani. Nikavuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Wanasemaje sasa?" nilimuuliza.

"Wanasema wewe mtoto, hujui kuchoma."

"Na wewe, kaka, unasemaje?"

Akashika ukingo wa kitanda kwa nguvu, kama alivyoushika ule mzizi.

"Mimi nasema choma, nesi."