Ushahidi wa Lipiko

Siku Tume ilipokuja Temeke kuchunguza kifo cha Alfonsi, waliobaki majumbani ni wagonjwa tu, na hata miongoni mwao wapo waliojikongoja. Uwanja wa ofisi ya TANU ulifurika. Miaka yote polisi ndio huuliza na raia ndio hujibu, na leo polisi wameketishwa kwenye benchi kusubiri kuulizwa, hadharani, na mtu aliyetumwa na serikali ile ile iliyowapa bunduki. Nani angekubali kusimuliwa?

Nikodemu alisimama nyuma kabisa. Alfonsi alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake Rosalia, na mpiga ngoma aliyegombaniwa na Wamakonde wote wa mjini. Alipatwa na mauti siku ya ngoma ya kuwatoa wari jandoni. Polisi walikuja kuivunja wakidai haina kibali. Watu walitimka, vumbi likatanda, na lilipotulia Alfonsi alikuwa chini, kichwa kimepasuka. Kituoni wakasema alilewa uraka akaangukia jiwe. Alfonsi huyo huyo ambaye hakuwahi kuonja pombe! Uongo wenyewe nao walikuwa wavivu kuutunga.

Nikodemu aliona kila kitu. Aliona kitako cha bunduki kikipanda na kushuka, akauona na uso wa aliyeishika. Hakuna aliyekuwa karibu kumzidi yeye. Tatizo ni kwamba saa ile hakuwa mtu. Alikuwa lipiko.

Kwa Wamakonde, anayecheza ndani ya kinyago si fulani wala fulani. Ni mzimu uliokuja kufurahi na wari, umefunikwa nguo na kamba mpaka vidoleni, unachungulia kwa mdomo wa kinyago. Mwanamke hatakiwi kujua ni nani yumo humo. Mwanamume huapishwa siri hiyo jandoni, na akiitoa hana tena pa kukaa na wenzake. Tangu mazishi, Nikodemu alikuwa akimwona dada yake kwenye mkeka wa msiba, anataka kusema, ulimi unagoma.

"Nani alikuwa karibu kabisa na marehemu?" aliuliza Ndugu Nassibu, mchunguzi wa Tume.

"Lipiko!" wanawake wakaitika kwa pamoja.

"Vizuri. Huyo Lipiko aitwe."

Uwanja ukaangua kicheko. "Haitwi hivyo, ndugu yangu," akasema Mama Tabu, muuza vitumbua. "Lipiko si mtu. Ni mzimu."

Ndugu Nassibu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na mzimu ukabaki mzimu. Kwenye benchi la polisi Koplo Fransis akacheka kuliko wote, akipigapiga paja. "Basi mkamwite huyo mzimu wenu aje atoe ushahidi!" akasema. "Mie nipo, namsubiri."

Angefunga mdomo wake pale, huenda angelala kwake siku ile. Nikodemu alisikia damu ikimpanda kichwani, maana uso uliokuwa ukicheka ndio ule ule alioushuhudia nyuma ya bunduki. Akachomoka mbio mpaka kwa Mzee Benedikto, mkuu wa jando, aliyebaki nyumbani kwa homa.

"Shikamoo mzee. Nakwenda kusema."

"Marahaba. Huendi."

"Kamuua shemeji yangu, mzee! Na yuko pale anacheka!"

"Najua kamuua. Lakini ukisimama mbele ya wake zetu ukasema niliyekuwemo ni mie, umelizika jando zima. Sie huku mjini tumebakiwa na nini kingine?"

"Kamwita mwenyewe, mzee. Kasema mkamwite mzimu wenu, anamsubiri."

"Kamwita? Mbele ya watu?"

"Mbele ya Tume nzima."

Mzee akainuka, akaingiza mkono uvunguni mwa kitanda, akavuta kinyago. "Akiitwa asipokwenda, hiyo nayo ni aibu," akasema. "Vaa upesi."

Ngoma zilianza kusikika toka mbali, na uwanja mzima ukageuza shingo. Alipotokeza lipiko, njuga zikilia miguuni, Mzee Benedikto nyuma yake, wanawake walipiga mayowe na kurudi nyuma kama ada inavyotaka, huku vicheko vikiwatoka. Ndugu Nassibu alisimama mwenyewe bila kuambiwa. Lipiko akacheza mpaka katikati. Akainama, mikono ikipiga ngoma isiyokuwepo, na kila mtu akamtambua Alfonsi, mabega yake yale yale. Kisha akageuka akawa mwingine, akainua kitako cha bunduki juu, akakishusha kwa nguvu zake zote. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye benchi, akamnyoshea kidole Koplo Fransis, kidole kikakaribia kumgusa pua.

Uwanja ulilipuka. "Ndiye! Ndiye!" Mama Tabu alikuwa amepanda juu ya kiti cha mtu.

Ndugu Nassibu alihangaika kuwatuliza. "Ndugu zangu, nimeona," akasema. "Lakini ngoma siwezi kuipeleka mbele. Nahitaji mtu mwenye jina, aape, aseme kwa mdomo wake."

Koplo Fransis, aliyekuwa ametota jasho, akaanza tena kutabasamu. Mkono wa Nikodemu ulipanda mpaka kwenye kamba ya kinyago shingoni, ukasita hapo.

Ndipo Rosalia akasimama, na kaniki yake ya msiba.

"Wanawake!" akaita. "Geukeni!"

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Uwanja mzima wa wanawake, Wamakonde na Wazaramo, bibi na binti, waligeuza migongo, wakajifunika kanga vichwani, na Rosalia akaanzisha wimbo wa kutwangia. Wakaupokea kwa sauti iliyotikisa bati za ofisi, mtu asisikie jina.

Nikodemu akavua kinyago. Akala kiapo, akataja jina lake, akasema yote, na Ndugu Nassibu akalazimika kumtegea sikio mdomoni. Alipomaliza, afisa mkubwa wa polisi aliyefuatana na Tume alimsogelea Fransis, akanyosha mkono. "Mkanda. Na kofia." Kelele za wanaume zilifika ng'ambo ya barabara, lakini wanawake hawakugeuka mpaka Mzee Benedikto alipopiga filimbi, na lipiko amekwisha ondoka.

Jioni Nikodemu alikwenda kwa dada yake. Rosalia alimkaribisha mkekani na kumpa maji, macho yamemvimba kwa kulia na uso unang'aa.

"Kaka, leo umekosa mambo!" akasema. "Lipiko kaja kumsemea mume wangu. Kasema kila kitu, na yule muuaji kashachukuliwa."

"Weee!" akasema Nikodemu.

"Haki ya Mungu. Ukimwona," akasema Rosalia, akimkazia macho, "mwambie dada yake kashukuru."