Mkatie Kidogo

Kwenye duka la viatu walimuuliza, "Una uzoefu?" Akasema hana. Kwenye duka la vyombo wakamuuliza vilevile, akasema hana, na karani akamwambia aache namba ya simu kwenye daftari ambalo lilikuwa limejaa namba za watu wengine wasio na uzoefu. Duka la sabuni, duka la madaftari, duka la taa: kote neno lilikuwa hilo moja. Alipofika duka la sita, la vitambaa, ulimi ulikuwa umechoka kusema kweli.

"Una uzoefu?" aliuliza mwenye duka, macho yakiwa kwenye jora alilokuwa akilikunja.

"Ninao."

"Wa nini?"

"Wa kuuza."

"Kuuza nini?"

"Vitu."

Mwenye duka aliinua uso. Alikuwa mama wa makamo, mnene, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, na mtaa mzima ulimwita Mama Majora. Alimtazama jinsi mtu anavyoinua kitambaa kwenye mwanga kuona kama kina matundu.

"Haya," alisema. "Njoo Ijumaa ufanye kazi siku moja nikuone. Saa kumi nitakupa jibu."

Nyumbani kwao walimwita Kimya tangu utotoni, kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi. Maisha yake yote alikuwa ameuza uongo huo mmoja tu, na aliuuza kwa sababu ya binti yake wa miaka tisa. Mumewe alipofariki, wifi yake alikuja, akakaa siku tatu, akasema yaliyo moyoni bila kuzunguka: "Wifi, mimi sikunyang'anyi mtoto. Lakini mtoto hali hewa. Ukipata kazi, abaki na mama yake. Ukikosa, muhula ukianza nitamchukua akae kwangu." Hakuwa mtu mbaya, wifi huyo. Muhula ulikuwa unaanza Jumatatu, na wifi alitaka kupigiwa simu Ijumaa jioni, ili kama kazi imekosekana, kesho yake asubuhi apande basi kumfuata mtoto.

Kwa hiyo Ijumaa Kimya alifika kabla duka halijafunguliwa. Alijua njia ya mwongo ni fupi. Aliomba tu hii yake ifike saa kumi.

Duka lilikuwa refu na jembamba kama kabati. Majora yalisimama ukutani kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, na katikati palikuwa na meza ya kukatia, yenye rula ya chuma ya mita moja iliyopigiliwa ukingoni. Mkasi ulikuwa mzito, mweusi, umefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza.

"Kwa nini umefungwa?" Kimya aliuliza, kisha akajuta. Mwenye uzoefu haulizi.

"Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara huwa anauazima akasahau kuurudisha," Mama Majora alisema. "Kule ulikokuwa hamkufunga?"

"Tulifunga."

"Kwa kamba au mnyororo?"

"Kwa... kamba."

Asubuhi yote ilikwenda hivyo. Alijifunza kwa kuiba kwa macho. Alimwona Mama Majora akilirusha jora mezani, likabingirika mara tatu, puu, puu, puu, kitambaa kikamwagika. Naye alipojaribu, jora likaenda hadi sakafuni na kusimama miguuni mwa mteja. Alisikia maneno ambayo hakuyajua, akayameza mazimamazima. Kila mtu aliyesimama mlangoni alimshtua. Huenda ni jirani atakayemsalimu na kusema, "Kumbe siku hizi unauza? Tangu lini?" Saa ya ukutani ilitembea kama mgonjwa.

Saa nane na nusu aliingia mwalimu wa kwaya. Kimya alimjua kuwa ni mwalimu wa kwaya kwa sababu alijitambulisha kabla ya kusalimia.

"Nimekuja kuchukua zambarau yangu. Kwaya inaimba Jumapili ijayo. Imebaki kiasi gani?"

Jora la zambarau lilikuwa limefika mwisho. Kimya alipima taratibu kwenye rula, akihesabu kwa midomo, akarudia mara ya pili. Zilikuwa mita nane kamili, hakuna zaidi ya hapo, na Mama Majora alikuwa amesema asubuhi kwamba rangi hiyo haiji tena.

"Nane ndizo ninazotaka," alisema mwalimu. "Ila bei yenu hiyo, dada yangu, inaumiza. Hebu mwambie mkubwa wako."

Mama Majora alikuwa nyuma ya duka, amezama kati ya majora, akibishana kwa simu na mtu aliyemletea bitana mbovu. Kimya alikwenda hadi kwenye kona.

"Mama, mwalimu wa kwaya yuko hapa. Anasema kuhusu ile zambarau..."

Mama Majora aliziba simu kwa kiganja. "Huyo ni mteja wetu. Mkatie. Mkatie kidogo tu, nakuja." Akarudi kwenye ugomvi wake.

Kimya alirudi mezani. Mkatie kidogo. Alisimama na neno hilo mkononi kama mtu aliyepewa ufunguo bila kuambiwa wa mlango upi. Habari ya bei alikuwa hajaifikia, kwa hiyo neno hilo aliliona ni la kitambaa. Kidogo kiasi gani? Cha nini? Labda mwalimu alitaka kipande cha kwenda kulinganisha na vifungo. Labda ndivyo wafanyavyo kwa wateja wa siku nyingi. Angeweza kurudi kuuliza. Hatua kumi tu. Lakini mtu mwenye uzoefu wa kuuza vitu angeuliza namna ya kukata?

Mwalimu alikuwa amempa mgongo, akichambua vifungo kwenye sinia. Kimya alichukua mkasi. Akapima kutoka ncha ya vidole hadi begani, akakata. Mkasi ulikwenda vizuri, bila kelele. Lilikuwa jambo la kwanza alilolifanya vizuri siku hiyo.

"Eh," alisema mwalimu, bado yuko kwenye vifungo, "nimemsikia amesema unikatie. Haya niambie, umenikatia ngapi?"

Hapo ndipo alipoelewa. Bei. Aliambiwa akate bei.

Mikono yake ilikuwa na akili kuliko yeye. Kabla mwalimu hajageuka, ilikuwa imekunja kipande kirefu juu ya kile kifupi, upande uliokatwa ukaingia ndani, ikakunja tena, na tena, ikautia mzigo kwenye mfuko wa karatasi. Mama Majora akatokea, akataja bei nyingine, wakacheka na mwalimu, wakamalizana. "Ahsante, dada," mwalimu alimwambia Kimya, "unakunja vizuri." Akatoka na mfuko wake.

Kimya alidhani atakwenda mbali. Mtu hununua kitambaa akakipeleka nyumbani, akakiweka, zikapita siku. Lakini mwalimu alivuka barabara moja kwa moja hadi kwenye kibaraza cha yule fundi wa ng'ambo, akaketi kwenye benchi na kuuweka mfuko juu ya meza, kando ya cherehani.

Kutoka mezani Kimya aliona kila kitu kupitia kioo cha mlango. Fundi alikuwa akimalizia suruali. Mguu mmoja ulikuwa umekwisha.

"Mbona umesimama kama mlingoti?" alisema Mama Majora. "Kunja hiyo nyeupe."

Alikunja nyeupe. Fundi akageuza suruali, akaanza mguu wa pili. Mwalimu alikuwa akimweleza jambo kwa mikono miwili, akichora magauni hewani. Saa ilikuwa tisa na dakika kumi. Kimya alikunja nyeupe akaikunjua, akaikunja tena. Alijaribu kujiambia kwamba fundi ataona mkato na kudhani ndivyo kilivyouzwa. Alijaribu kujiambia kwamba kitambaa ni kitambaa. Akamwona binti yake na begi lake dogo, amekaa dirishani ndani ya basi, haulizi chochote, kwa kuwa amerithi ukimya wa mama yake.

"Sikia," Mama Majora alisema, akivaa miwani. "Sina sababu ya kukuweka roho juu mpaka saa kumi. Majora yanakushinda nguvu, na wateja unawaogopa kama polisi. Lakini hujakaa chini tangu asubuhi, na hukuniletea umbea wa wateja. Jumatatu uje."

Ng'ambo, fundi alikata uzi kwa meno. Akaitundika suruali msumarini. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye mfuko.

Kimya hakukumbuka baadaye kama alijibu. Alikumbuka honi ya pikipiki, na kwamba alifika kwenye kibaraza cha fundi bila kiatu kimoja.

"Mwalimu, nimekikata," alisema. "Niliambiwa nikukatie, nikakata kitambaa. Kiko vipande viwili. Mkato nimeuficha mwenyewe."

Mwalimu alimtazama yeye, akautazama mguu wake usio na kiatu. Fundi alikuwa ameshakikunjua. Kipande kifupi kilianguka mapajani mwake kama ulimi.

"Wewe dada," mwalimu alisema polepole, "mimi niliomba nipunguziwe bei. Wewe ukanipunguzia nguo."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nina waimbaji wanne wa mbele na mita nane."

"Ndiyo, mwalimu."

Fundi alikuwa akipima kwa utepe, akinung'unika namba. "Matatu yanatoka mazima," alisema. "La nne litaungwa kiunoni."

"Gauni moja liwe na kiuno na matatu hayana? Watu watasema tumeazima."

"Basi yote manne niyaunge kiunoni. Kwani waimbaji wako hawana viuno?"

Mwalimu hakucheka. Nyuma ya Kimya, mtu alikuwa akihema. Mama Majora alikuwa amevuka barabara, na mkononi alishika kiatu.

"Nimesema 'mkatie' kwenye duka lile miaka ishirini," alisema. "Hakuna aliyewahi kuchukua mkasi. Ulifanya kazi wapi, wewe?"

"Sijawahi kufanya, mama. Popote."

Lori likapita. Mama Majora alimkabidhi kiatu, naye akakivaa, kwa sababu hakuna kingine ambacho angeweza kufanya.

"Usidhani nitakusifu," Mama Majora alisema. "Umesema kitambaa kikiwa kimeshavuka barabara. Mwalimu, urudi dukani, safari hii nikukatie mimi, kwa mdomo." Kisha kwa Kimya: "Nililosema nalirudisha nusu. Jumatatu uje, lakini ni mwezi mmoja wa kuangaliwa. Mkasi huugusi mpaka nikwambie. Na neno usilolijua, unauliza. Ukinyamaza tena, usirudi."

Saa kumi na moja alisimama nje ya duka lililofungwa, akapiga simu.

"Wifi," ile sauti ilisema. "Nambie. Umepata?"

Neno fupi lilikuwa tayari kwenye ulimi, tamu, rahisi: nimepata. Alilishikilia hapo.

"Nimepewa mwezi mmoja," alisema. "Wa kuangaliwa. Naweza kufukuzwa, wifi. Leo kidogo nifukuzwe."

Akasikia kijiko kikigonga kikombe, na pumzi.

"Mwezi," wifi alisema hatimaye. "Basi mtoto akae mwezi huo. Ukiisha tutaongea."

"Tutaongea."

Simu ikakatika. Kimya alianza kutembea kuelekea nyumbani, akihesabu siku kwa vidole, na vidole vilipokwisha akaanza upya, hofu ikiwa bado imekaa tumboni, imejikunja vizuri.